Baridi ya Mama Helena

Hapa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, mtu husamehewa mengi, lakini kusoma kitu kisichojulikana hasamehewi. Ukirudi na udaktari utapokewa kwa ngoma na pombe. Ukirudi na uinjinia, hata wasiokujua watakuita shemeji. Florentine alirudi na digrii ya lugha na fasihi za Kislavi, na tangu siku aliposhuka kwenye treni, kwa miaka baba yake hakupata namna ya kuwaeleza majirani jambo hilo mpaka mwisho.

"Amesoma lugha," Papa Onésime alikuwa akisema.

"Lugha gani?"

"Za wazungu wa kule."

"Kule wapi?"

Hapo Papa Onésime alikumbuka kwamba ana mbuzi wa kwenda kufunga.

Kosa halikuwa la msichana. Miaka ile ya Zaire, nchi yetu na Yugoslavia zilikuwa marafiki, na wanafunzi walipelekwa Belgrade kwa udhamini. Nafasi ziligawanywa kama samaki wanavyogawanywa ufukweni: wanono kwa wakubwa, vidagaa kwa waliobaki. Udaktari ulikwenda kwa wana wa wakubwa. Lugha za Kislavi hakuna aliyezitaka, ndipo mtu mmoja wa ofisini akaona jina la Ngoy, ambalo ndilo pekee Serikali ilimruhusu Florentine kulitumia, maana majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku, akaliandika hapo. Florentine alikubali. Angekubali hata kusoma habari za kunguni, mradi asome.

Siku ya kuondoka, Papa Onésime alitia maji kinywani akampulizia bintiye kifuani ili apate baraka, huku katekista akijifanya anatazama paa. Mama yake, Mama Thérèse, alilia kwa sauti. Na Mama Helena akaja na mkate aliouoka mwenyewe.

Hapana mtu wa mtaa wetu asiyemjua Mama Helena. Alikuwa Mpolandi. Vita vya wazungu vilimng'oa kwao akiwa msichana, vikamtupa katika kambi ya wakimbizi upande wa Tanganyika ya Waingereza. Huko akaolewa na Mgiriki mwenye duka, akavuka ziwa pamoja naye. Mgiriki alifariki, duka likachukuliwa, wazungu wenzake wakafunga masanduku. Yeye hakuondoka. Alikuwa mkunga, na nusu ya mtaa ilitoka mikononi mwake. Florentine mwenyewe alikuja duniani miguu mbele, na bila mikono ile Mama Thérèse na mwanawe wangezikwa kaburi moja. Mama Thérèse hakusahau. Kila Pasaka alipeleka kuku.

Siku ile Mama Helena alimvuta Florentine kando, penye miti ya mihogo. "Unaenda karibu na kwetu," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kupinda. "Kama utapata muntu wa kukufundisha, ukirudi unisalimie kama mama yangu alikuwa ananisalimia. Muda mrefu hakuna muntu ananisalimia vile."

"Nitakusalimia, Mama Helena. Naapa."

Msichana wa miaka kumi na tisa huapa upesi.

Belgrade alikuta theluji, na lugha zinazochosha ulimi. Jina la mtu halitulii: ukimwita lina mkia huu, ukimpa kitu lina mkia ule, ukimkimbia lina mwingine tena. Alijifunza herufi upya kama mtoto wa shule ya msingi. Alisoma maandiko ya kale ya watawa, yenye harufu ya nta na panya. Alisikiliza wazee wakiimba vita vya mababu kwa zeze la uzi mmoja, akapata uchungu wa kwao, maana nyumbani pia wako wazee wa namna hiyo. Kila mwanafunzi alipaswa kuongeza lugha nyingine ya jamaa ile. Karibu wote walichukua Kirusi peke yake. Florentine alichukua Kirusi na Kipolandi. Mwalimu wa Kipolandi, mama mwembamba mwenye koti moja, alimuuliza atakifanyia nini huko Afrika.

"Nina mtu wa kumsalimia," akajibu.

Mwalimu akamwangalia, akamfundisha vizuri kuliko wengine.

Alirudi mwaka elfu moja mia tisa themanini na sanduku la vitabu. Watu wa usalama walimpokea kabla ya watu wa kwao. Walifungua sanduku, wakaziona herufi zile, na kwao herufi zile zilikuwa ukomunisti mtupu. Yeye walimhoji wakamwacha. Baba yake walimchukua. Papa Onésime, mpima mizigo wa stesheni ambaye hakuwahi kusoma zaidi ya kitabu cha nyimbo za kanisa, aliulizwa habari za Moscow. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba, na tangu hapo hakutembea bila fimbo.

Mama Thérèse hakumgombeza bintiye, na afadhali angemgombeza. Alitoa rozari akamwapisha: lugha ile isitoke tena kinywani mwake hapa Kalemie. Kisha akachukua vile vitabu, akawashia mbabula, jiko lake la makaa, kimoja baada ya kingine, akavipepea kwa kipepeo chake cha majani ya mchikichi. Fasihi ya mataifa matatu iliivisha maharagwe. Florentine alikula. Alikuwa na njaa, na miguu ya baba yake ilikuwa mbele yake pale.

Akapata kazi ya kufundisha Kifaransa katika lisee, shule yetu ya sekondari. Kila siku akaenda kazini kwa njia inayopita mbele ya nyumba ya Mama Helena.

"Jambo, Mama Helena."

"Jambo, mwanangu."

Mzee alingoja. Siku moja alishindwa kungoja, akamuuliza kwa aibu, kama mtu anayedai kitu ambacho si chake: "Na salamu yangu?"

Florentine alicheka. "Nimesahau yote, Mama."

Hakuwa amesahau hata neno moja. Mama Helena naye akacheka, akaingia ndani, hakuuliza tena. Nafsi ilimsuta Florentine njia nzima, lakini nafsi ikikusuta kila siku unaizoea, kama kiatu kinachobana.

Ndipo vikaja vita vya Moba, waasi walipouteka mji ule ulio kusini mwetu ufukweni. Askari wakajaa Kalemie, na kila aliyekuwa na jambo la kuficha akalificha mara mbili. Katika msimu ule wa hofu, kabla mvua hazijaanza, Mama Helena akaanguka.

Alipoamka, Kiswahili kilikuwa kimemtoka, na Kifaransa pia. Lugha ya mama yake peke yake ndiyo ilibaki. Alisema nayo mchana kutwa, taratibu, akimwangalia kila aliyeingia. Wanawake wa mtaa, wote aliowazalisha, walipokezana kumwuguza, na wa kwanza wao alikuwa Mama Thérèse. Joto la mwezi wa kumi hapa kwetu mnalijua. Wakamvua shuka, wakamkanda kwa maji ya ziwa, wakampepea. Mama Thérèse alikuja na kipepeo chake kutoka nyumbani. Mkono mmoja ukichoka alihamishia mwingine. Upendo wa watu wa ziwani ndio huo: mgonjwa wao hapati joto wakiwa hai.

Florentine alikwenda kumtazama kama mtu yeyote. Chumba kilikuwa kimejaa. Mlangoni alisimama Papa Omer, kiongozi wa kiini cha chama tawala hapa mtaani, na beji yake kifuani, naye kila mtu alijua kwamba akisikia neno asubuhi, mchana limeshafika mahali pengine. Mama Helena aligeuza kichwa. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Zimno mi," akasema. "Zimno mi, mamo."

Nasikia baridi. Nasikia baridi, mama.

Neno ni dogo. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua. Florentine alilisikia wazi kama kengele ya kanisa, akaona pia jinsi miguu ya mzee ilivyokunjwa ikitafuta shuka, na mama yake mzazi akiongeza kupepea kwa nguvu zote.

"Ee Florentine," akasema Papa Omer. "Weye ndiyo ulisoma kule kwa wazungu wa theluji. Anasema nini huyu mama?"

 Florentine akaitazama beji. Akaiona tena miguu ya baba yake ilivyovimba.

"Sijue. Hii si lugha nilisoma."

Kisha dhamiri ikamchoma kidogo, akajaribu kusema kweli kwa mlango wa nyuma. "Lakini pengine anasikia baridi. Tumufunike."

Wanawake wakacheka, hata waliokuwa wakilia. "Baridi! Kalemie, mwezi huu?"

"Ni yeye alikuambia?" akauliza Mama Thérèse, jasho likimtiririka.

"Hapana, mama. Nimewaza tu."

"Basi acha tumupe hewa."

Na shuka ambalo Florentine alikuwa ameshalishika, mama yake akalitoa mikononi mwake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya sanduku.

Alirudi nyumbani. Kesho yake akafundisha vitenzi vya Kifaransa, na kila mwanafunzi aliyejipepea kwa daftari aliamriwa aliweke mezani. Hakurudi kule. Alisema ana mitihani ya kusahihisha. Mama yake alirudi kila jioni mikono imekufa ganzi, akasema, "Bado anasema neno lile lile, maskini, na sisi hatujui," naye Florentine akampakulia chakula. Aliishi hivyo siku baada ya siku, akijiambia kwamba analinda baba. Analinda baba! Papa Onésime mwenyewe alikuwa uani akichonga mpini wa jembe, hana habari.

Kilichomvunja ni mvua. Ilinyesha mchana ile ya kwanza, kubwa, hewa ikapoa ghafla, na Florentine akiwa darasani akasisimka mikono. Akaacha chaki. Alipita nyumbani akachukua blanketi alilorudi nalo Belgrade, akaenda mbio na matope hadi magotini.

Papa Omer alikuwa palepale. Florentine alimpita. Alimfunika Mama Helena hadi shingoni, akaingiza mikono chini ya blanketi akaishika miguu ile, baridi kama samaki wa asubuhi, akasema kwa Kipolandi, kama mama anavyomsalimia mwanawe, kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Habari za leo, mwanangu mpendwa. Bado unasikia baridi?"

Kipepeo cha Mama Thérèse kikasimama hewani.

Mzee alifungua macho. Akamtazama kwa muda mrefu, na sijui alimwona nani. "Umekawia," akasema. "Niliita sana."

Akaishi hadi Jumapili. Florentine hakutoka pale. Walizungumza habari za bata, za mto ulioganda, za dada aliyeitwa Zofia. Mama Helena alikufa akiwa na joto, kama mtu aliyelala karibu na moto.

Na watu wa usalama? Hawakuja. Makaburini Papa Omer alilia kuliko wafiwa, kisha akamshika Florentine bega. "Sasa mbona ulinidanganya siku ile? Watoto wangu wote ni yeye aliwatoa. Ningesema kwa nani, mie?" Huenda alisema kweli, huenda alisema tu kwa sababu ya kilio. Lakini wengine hawakusikia swali lake, nao wakamsifu Florentine kwamba Mungu alimpeleka mbali kote kule kwa ajili ya mzee huyu. Papa Onésime, akiegemea fimbo, aliulizwa tena bintiye alisoma nini, na safari hii alimaliza sentensi. Kila sifa ilimwingia Florentine kama mwiba wa samaki.

Mama Thérèse hakusifu wala hakula. Matanga yalipokwisha, Florentine alimkuta nyuma ya nyumba amepiga magoti mbele ya mbabula, akipuliza makaa kwa kinywa, moshi umemjaa machoni. Kipepeo kilikuwa kimening'inia ukutani, mkono ungefika.

"Mama, kipepeo kiko pale."

"Sikitaki tena." Akapuliza, akakohoa. "Muntu alinitolea mutoto wangu katika mauti, na mie nikamulipa baridi. Mikono yangu mwenyewe. Alikuwa anasema, na mie naongeza kupepea. Nilikuwa mujinga, lakini mbele ya Mungu ujinga ni nini?"

Florentine aliona wazi kwamba angeweza kumbembeleza. Angesema, hukujua, mama, na ingekuwa kweli, na mama angebeba mzigo ule hadi kaburini akidhani ni wake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Akapiga magoti upande wa pili wa moto.

"Mama, mie nilisikia. Siku ile ya kwanza, na Papa Omer mulangoni. Nilisikia neno lote."

Mama Thérèse aliacha kupuliza. "Ulisikia."

"Ndiyo, mama."

"Na uliniangalia nikipepea."

"Nilikuangalia. Niliogopa. Niliwaza papa."

Ungetegemea apige kelele, au aseme, ni mie niliyekuapisha kwa rozari.  Badala yake akainuka kwa kujishika kiuno, akakitoa kipepeo ukutani, akakiweka juu ya magoti ya bintiye.

"Kamata. Siku moja ni mie nitalala pale, na ni weye utakaa karibu yangu. Kabla ya kunipepea, uniulize. Na nikijibu, Florentine, usiseme hukusikia."