Kabisa Aitwa Shuleni

Jina lake la utani lilikuwa Kabisa, na alilipata kwa jasho. Kila aliyekaa kwenye kiti chake cha kunyolea na kusema lolote, aliitikiwa, "Kabisa, mzee." Huyu akisema timu fulani ni ya hovyo, kabisa. Anayefuata akisema timu hiyo hiyo ndiyo yenyewe, kabisa vilevile. Haukuwa unafiki. Ndivyo alivyofunzwa na marehemu baba yake, kinyozi wa enzi za mkasi na kitana: mtu mwenye wembe shingoni habishiwi, maana akigeuza kichwa kwa hasira utamkata, na usipomkata atahama kiti. Siku hizi vijana wananyoa kwa mashine huku wameziba masikio kwa muziki, hata mteja akilia hawana habari. Kabisa alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki wanaosikiliza.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa darasa la tatu ambaye wenzake walimwita Cheche. Nyumbani ni mcheshi, mwepesi wa kushika mambo. Darasani, kelele zikizidi au mtu akimgusa kwa nyuma, anageuka mtu mwingine. Anapindua dawati, anang'ata, kisha anaingia chini ya meza ya mwalimu na kuziba masikio. Safari hii alikuwa amemng'ata mwenzake mkono hadi damu ikatoka. Mzazi akaitwa.

Mama mtu alikuwa zamu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na ruhusa alinyimwa. Asubuhi, kabla ya kutoka, alimfunga mumewe vifungo vya shati kama vile yeye ndiye anayekwenda kusoma.

"Baba mtoto, wanataka kumwondoa yule. Kawaambie wasimkalishe katikati ya darasa. Akae karibu na mlango, na akitaka kutoka kidogo apumue, wamwache. Si ndivyo tunavyofanya hapa?"

"Ndivyo."

"Na usiende kule ukaanza kabisa zako."

"Ah, mke wangu! Kwani mimi mtoto?"

Zamani mwalimu akiwa na neno juu ya mtoto wako alikuja mwenyewe jioni, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani. Mkabishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyekuwa juu wala chini. Sasa kuna ofisi. Meza pana kama kitanda, nyuma yake kiti kirefu cha kuzunguka, mbele yake kiti kifupi cha plastiki cha mwenye makosa. Kabisa alipokaa, magoti yalimjia kifuani. Cheche alisimamishwa karibu na kabati, soksi moja imeshuka.

Mwalimu mkuu alikuwa mteja wake wa kila Jumamosi. Kwenye kiti cha kinyozi alikuwa mpole, akisinzia hadi mate yanamtoka. Hapa alivaa miwani.

"Fundi, mimi na wewe tunajuana."

"Kabisa, mwalimu."

"Mtoto huyu anaumiza wenzake."

"Kabisa."

Mwalimu wa darasa, msichana mwenye mafua, alifuta pua na kusema, "Lakini mwalimu, mimi naona akikaa pembeni hutulia. Labda mzazi atueleze nyumbani inakuwaje."

Wote wakamgeukia Kabisa. Mlango ndio huo umefunguliwa, kazi yake ilikuwa kuingia tu. Maneno ya mkewe alikuwa nayo yote kwenye ncha ya ulimi. Akakohoa kidogo, ayapange. Mwalimu mkuu hakungoja.

"Shule hii si ya watoto wa namna hii. Atafutiwe kwingine. Mzazi mwenyewe anaelewa. Au vipi, fundi?"

"Kabisa," alisema.

Lilitoka lenyewe, kama mkono unavyopangusa nywele shingoni mwa mteja bila kutumwa. Aliposhtuka, mwalimu mkuu alikuwa ameshafunika kalamu.

"Nashukuru. Wazazi waelewa ni wachache siku hizi."

Na Kabisa, Mungu amsamehe, akasema asante.

Cheche hakupindua kitu. Afadhali angepindua. Aliokota mkoba wake, akatangulia. Walikwenda mwendo mrefu, yeye mbele, baba nyuma.

"Baba, na wewe hunitaki?"

"Nani kasema?"

"Wewe. Pale."

Baba akamwambia apandishe soksi.

Mkewe aliposikia, alicheka kwanza, kicheko kikavu. "Ningemtuma mpita njia. Yeye angalau angenyamaza." Kisha akaingia ndani, na nyumba ikawa baridi kwa siku kadhaa. Cheche alikula huku ameangalia ukuta.

Jumamosi mwalimu mkuu akaja kama kawaida, akakaa, akafungwa shuka, akapakwa povu. Kabisa alinyoa shavu moja, akasimama.

"Mwalimu. Binti yangu arudi darasani."

Waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu wakageuka. Mmoja akasema, "Mwalimu, kubali tu, sikio halioti tena."

"Unaniambia leo," mwalimu mkuu alisema akimtazama kwenye kioo, "nikiwa nusu ndevu nusu mtu? Kule ofisini mdomo uliuacha wapi?"

"Nilizoea, mwalimu."

"Ulizoea nini?"

Kabisa aliutazama wembe mkononi mwake, akaona aibu upya. Ujasiri wake wote alikuwa ameupata mbele ya mtu aliyefungwa shuka. Akauweka wembe chini.

"Ulisema mbele ya mwanao," mwalimu mkuu akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Njoo Jumatatu, useme mbele yake. Na ukishasema, ukae naye darasani mpaka atulie. Yule mwalimu ana watoto kama siafu, hawezi kumchunga mmoja. Haya, nimalizie shavu, nina safari."

Jumatatu alikaa kwenye kiti kile kile kifupi. Alisema yote, lakini aliiambia meza: amekosea, mwanawe si wa kuondolewa, kelele zinamuumiza, akae karibu na mlango, aruhusiwe kutoka. Mwalimu mwenye mafua alitikisa kichwa kukubali. Cheche alikuwa akitazama viatu vyake.

Darasani baba akapewa benchi la watoto, nyuma kabisa ya wote. Minong'ono ikaanza. "Baba yake Cheche kafeli, karudishwa la tatu!" Alijua kibanda chake kimefungwa, na wateja wake wanapita moja kwa moja hadi kwa vijana wa mashine. Aliinamisha kichwa akasoma ubao.

Kabla ya mapumziko kelele zikapanda, dawati likaanguka mahali fulani. Cheche akasimama, mikono masikioni. Kabisa akainuka nusu. Mwalimu akamwonyesha kiganja: kaa. Mtoto akatoka hadi kibarazani, akasimama ameupa mgongo mlango, mabega yakipanda na kushuka. Baadaye akarudi, akakaa, akashika penseli.

Baba akajisogeza mbele na benchi lake. "Umefanya vizuri, mama," alinong'ona.

Cheche hakugeuka. "Usiongee, baba. Mwalimu anafundisha."

Darasa zima likacheka. Kabisa akafunga mdomo, akarudisha benchi nyuma polepole lisipige kelele.