Hesi Zilizopakwa Rangi

Dukani kwangu hajapita mtu aliyenichosha kwa bei kama Msasa. Enzi hizo hakuwa Msasa bado. Alikuwa fundi umeme tu, mtu wa kazi safi, na mkewe alikuwa mfuaji kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Mke ndiye aliyemwombea kazi kwa tajiri wa kiwanda: kufunga mashine mpya na mabomba ya chuma ya kupitishia nyaya. Alimdhamini kwa kinywa chake. Kazi ikiharibika, wanatoka wote wawili.

Fundi akaja kuchagua viungio, zile kona na soketi za kuunganishia mabomba. Nikamwekea alumini. Akaikataa, akasema maji ya magadi yataila kama sukari. Nikamwekea vile vya madini ya kuyeyusha na kumimina, vyepesi, vinavyong'aa; akakibana kimoja kwa koleo kikapasuka, akanirudishia vipande. Chuma cheusi akakisukuma pembeni, eti mvuke wa mle ndani ungekimaliza kwa kutu. Akabaki na chuma kilichopakwa zinki, ghali kuliko vyote, akanikamua mpaka nikamuuliza kama anataka na duka nimfungashie. Alichagua sawasawa. Hilo simpokonyi.

Ila ukikata hesi, ile mikato ya kukazia kwenye ncha ya bomba, zinki inatoka na chuma kinabaki uchi. Kutu ilimnyima fundi usingizi. Akatafuta rangi nyekundu ya mafuta, nzito, akachovya kila ncha kabla ya kukaza. Hakuna aliyemtuma. Na kule mabomba yenyewe ndiyo yalikuwa ethi: umeme ukivuja kwenye mashine, unapita chuma kwa chuma hadi ardhini. Rangi haipitishi umeme. Kwa macho mabomba yameshikana kama ndugu. Kwa umeme kila kipande kiko peke yake.

Mkewe alikuwa wa kwanza kuhisi. Jioni moja wakila akamtania, "Baba Watoto, bomba lako linanisalimia kila nikiligusa."

"Liitikie basi, usiwe na kiburi."

Wakacheka. Akamweleza pia kuwa linachoma kama sindano mikono ikiwa na maji. Fundi akasema ni ubaridi wa chuma. Viungio vile alivichagua mwenyewe, mji mzima hakuna vinavyovizidi. Mke hakumsema kwa tajiri, maana neno lake ndilo lililomwingiza mumewe pale. Akawa analikwepa bomba tu.

Haikupita muda, nyaya za ndani ya mota ya mashine zikaungua, umeme ukavujia kwenye bomba. Siku hiyo sakafu ilikuwa na povu. Mke akateleza, akadaka bomba asianguke, na mkono haukuachia. Wenzake walimnasua kwa kumvuta na shuka kavu. Walikuwa wamechelewa.

Baada ya mazishi tajiri alimtaka fundi afungue viungio mbele yake. Mama mkwe alikuwepo, amekuja kuchukua vitu vya binti yake. Kiungio cha kwanza kilipofunguka, hesi zilitoka nyekundu, mpya, hazina kutu hata chembe.

"Rangi ya nini hii?" mama mkwe akauliza.

"Isiote kutu, mama."

Mama mkwe akapitisha kidole kwenye hesi. "Haijaota," akasema. Jioni hiyo akaondoka na wajukuu.

Fundi akafungua kila kiungio na kukwangua kila hesi kwa msasa hadi chuma kikameta, na jina likamganda hapo. Akabadilisha mota, akapitisha waya wa ethi wa kijani, akapima. Wafuaji hata hivyo hawakukubali kuingia. Mkubwa wao akamsogezea ndoo ya maji.

"Shika wewe kwanza, shemeji."

Tajiri akawasha mashine. Msasa akachovya mikono, akashika bomba la mlangoni. Salama. Akashika la pili, na la tatu.

"Na la kwa mkeo," yule mkubwa wa wafuaji akasema.

Akaenda mpaka kwenye beseni la mwisho, alipokuwa akifulia mkewe, akalikamata bomba la hapo kwa mikono miwili. Halikumfanya kitu. Wanawake wakaingia, wakafungua maji, wakaanza kazi, naye bado amelishika, mpaka tajiri alipomwambia apishe, kuna mfuaji mpya anasubiri nafasi hiyo.