Wakuu, kabla hujavunja modeli ya zamani ujenge mpya, soma yaliyonipata Bunda

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Miaka ile ya kuhamia vijijini niliombwa nivunje modeli niliyokwisha kuitengeneza, ili ubao wake utumike kwa modeli nyingine. Nikasema sawa. Leo nikirudishwa pale ningekataa, hata kama ningeitwa mkaidi.

Nimeona humu vijana mnaulizana kama ni vizuri kunyofoa vipande vya kit ya zamani, ile seti ya modeli ya kuunganisha, kujengea mpya. Mimi ni mzee, nipo hapa Bunda, macho yamechoka ila vidole bado vinatii. Nitawasimulia kama ilivyokuwa, sina cha kuongeza, na njiani nitawaachia mbinu mbili tatu.

Twende.

Mambo haya ya modeli niliyapata sekondari, Musoma. Mwalimu wetu wa fizikia, mgeni kutoka ng'ambo, alikuwa na kit ya ndege ya plastiki. Vipande vilikuja vimeshikana kwenye vijiti vyake kama samaki furu waliotungwa sokoni.

Sisi tukaanza kuvinyofoa kwa mkono. Mzungu wa watu nusura alie.

Akatufundisha: kata kwa wembe, acha kisehemu kidogo cha kijiti, halafu kisugue kwa msasa mpaka kilale. Unganisha kwanza bila gundi uone kama vinakubaliana. Gundi iwe kidogo sana, maana ikizidi inakula plastiki. Rangi ipake nyepesi, iache ikauke, rudia. Mwenye haraka ataona alama za brashi mpaka anazeeka.

Hayo yote bado ni kweli. Msidanganywe na video.

Halafu akatufundisha skeli: futi moja ya kweli, robo inchi mezani. Hapo ndipo nilipoingiwa na wazimu. Nilianza kuona kila kitu kwa robo inchi, hata ng'ombe za watu.

Nilipomaliza shule nikarudi nyumbani, upande wa Manyamanyama, wakati huo bado ni mashamba ya pamba na mtama. Kit za dukani hazikuwepo, ukiuliza wanakuletea kibiriti. Nikaamua kutengeneza modeli ya mji wetu, yaani boma la nyumbani kwetu, kwa vitu vya pale pale: mabua ya mtama kwa nguzo, kadibodi kwa kuta, nyasi laini kwa mapaa, na uji mzito wa muhogo kwa gundi, vyote juu ya ubao mmoja wa plywood.

(Uji wa muhogo unashika vizuri, lakini mende wanaupenda kuliko wewe. Tia majivu kidogo.)

Rafiki yangu Masatu alikuwa akipita ananicheka. "Msomi wetu, hiyo nyumba ya panya itahamiwa lini?"

Sasa utafiti. Kwenye mji wetu kulikuwa na jiwe kubwa, mbuzi walikuwa wanapanda juu yake kuota jua. Vipimo vyote nilianzia hapo. Hii ishikeni: anzia kwenye kitu kisichohama. Ukianzia kwenye mti, mti utakatwa.

Nilifunga mafundo kwenye kamba ya katani, mama akashika ncha moja, mimi nyingine. Tukapima kutoka kwenye jiwe hadi nyumba yake, hadi zizi, hadi ghala la mtama.

Na hadi kaburi la baba.

Baba alifariki nikiwa shuleni. Alizikwa mjini kwake, nyuma ya ghala, kama ilivyo desturi yetu. Hakukuwa na saruji wala msalaba, ni mawe tu yamepangwa juu.

Mama alikuwa mkaguzi mkali. Alikuja akainama juu ya ubao, akacheka.

"Huu mlango wangu mbona mdogo hivi? Nitapitaje na mtungi?"

"Mama, ni skeli."

"Skeli ndiyo nani? Na baba yako mbona umemlaza karibu na zizi? Alikuwaga hapendi harufu ya mbuzi. Sogeza."

Tukapima upya, kweli nilikuwa nimekosea. Nikasogeza mawe madogo ya kaburi, akainama tena akayaangalia. Toka siku hiyo wageni wakija hawapewi uji kabla hawajaonyeshwa ubao.

Vipimo niliviandika kwa penseli juu ya ubao wenyewe, chini ya kila kitu. Nilijiona mjanja, sikuhitaji karatasi.

Ndipo likaja zoezi la vijiji vya ujamaa. Bwana mmoja wa wilayani alipita kwetu, akaiona kazi yangu, akafurahi mno. Alitaka modeli ya kijiji kipya ya kupeleka kwenye maonyesho Musoma, na plywood ilikuwa haionekani.

"Kijana, ubao unao huu. Toa hivi vibanda, panga nyumba za bati kwa mstari. Utalisaidia taifa."

Hakunilazimisha. Hilo niliseme wazi. Ningeweza kuomba siku chache nitafute mbao za maboksi. Lakini nilikuwa kijana, nimesifiwa na mtu mwenye kalamu mbili mfukoni.

Mama alikuwa kibarazani anachambua pamba. Akaniuliza kwa kilugha, ili mgeni asielewe, "Na mji wangu utauweka wapi?"

Nikamwambia, "Mama, vipimo viko kichwani. Nitakutengenezea mwingine mzuri zaidi."

Nikang'oa kila kitu. Nikapiga randa ubao mpaka ukang'aa, nikapaka kijani. Nikaenda hadi Butiama kuangalia nyumba zilivyopangwa, maana utafiti ni utafiti. Modeli ikatoka safi, bati nilitengeneza kwa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Musoma watu waliizunguka, nikashikwa mkono, na nikapata kazi ya ofisini huko huko.

Familia ikahamia kijijini. Mji wa zamani ukavunjwa, minyaa ya uzio ikang'olewa, mawe, hata ya kaburini, yakasombwa kwa msingi wa ghala la pamba. Trekta likalima pote, likawa shamba la ushirika. Likabaki lile jiwe kubwa tu katikati ya pamba.

Modeli ya mama je? Nilisema mwezi huu, nikasema baada ya mavuno, nikaoa, nikapata watoto. Mnajua inavyokuwa.

Miaka ikapita, mama akaugua. Aliniita akasema jambo moja: "Nikifa nilazeni na baba yenu. Wewe si ulipima?"

Nilichukua kamba nikaenda kwenye jiwe. Wakuu, nilisimama pale na kichwa kitupu. Nilikumbuka kwamba kulikuwa na vipimo, sikukumbuka hata kimoja. Ghala la mtama halipo, zizi halipo, kila upande ni pamba.

Baba mdogo alisema ni huku. Shangazi akasema, "Huku wapi? Wewe siku ya mazishi ulikuwa umelewa!" Tukachimba alipoonyesha baba mdogo, tukachimba alipoonyesha shangazi. Kote udongo ulikuwa mgumu, haujawahi kuguswa.

Nikarudi nikamweleza mama. Akanitazama, akasema, "Basi. Usiwachoshe watu."

Hakulitaja tena.

Kwa hiyo, vijana. Kunyofoa vipande vya kit ya dukani si dhambi, kit nyingine ipo. Lakini modeli uliyoijenga kwa kupima kitu halisi usiiguse kabla hujaipiga picha pande zote na kuandika vipimo mahali pengine. Simu mnazo, sisi hatukuwa nazo. Na ukiambiwa ubao ni mmoja, tafuta mwingine.

Mwenye swali la rangi au gundi aulize, nitajibu taratibu. Mwenye kunilaumu pia karibu, uwanja ni wenu.

Mama amezikwa kijijini, peke yake. Baba yuko mahali fulani chini ya shamba lile. Mimi ndiye niliyekuwa na vipimo, na mpaka leo sijui ni wapi.