Ubeti wa Pili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinialika harusi, nitakuombea ndoa njema nikiwa jikoni. Wenzangu wa kanisa walitembelea wagonjwa na kuimba kwaya. Mimi nilichemsha chai nikisema Mungu yuko kila mahali, hata hapa karibu na meko. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza mara moja tu, akaniambia kwa upole kwamba karama ziko nyingi.

Halafu uchaguzi wa mwaka ule ukatuharibikia, watu wakaanza kufukuzana kikabila. Hapa Kapseret mimi ni mwenyeji. Jirani yangu alikuwa mtu wa kuja, kutoka mkoa wa Magharibi. Asubuhi moja alisimama uani kwangu, kitindamimba wake mgongoni.

"Nakimbilia kanisani, kule mjini," akasema. "Nikamulie ng'ombe. Nisiporudi, ni wako."

Ng'ombe nilikuwa nao wangu. Jirani nilikuwa naye mmoja tu.

Sasa, sisi tumezaliwa tukikamua, kwa hivyo niliingia bandani kwake kwa madaha. Ng'ombe akapiga ndoo teke. Nikampa majani, nikapaka mafuta ya kukamulia, nikamkemea kwa lugha ya mama yangu. Hata tone.

Mume wangu alikuwa ameegemea ua akifurahia. "Si huwa anaimbiwa?"

Kweli. Jirani alikamua akiimba wimbo wa kanisani, ule ule kila siku, mpaka mume wangu alikuwa akinyoa ndevu kwa mdundo wake. Nikatazama huku na huku, nikaimba ubeti wa kwanza. Ng'ombe akageuza kichwa, akaniangalia kama vile mwalimu wa kwaya alivyoniangalia. Lakini maziwa yakaja, kidogo.

"Hongera," mume wangu akasema. "Mwishowe umepata kwaya."

Siku moja mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinikuta nikitoka bandani.

"Kwani siku hizi unawakamulia hao?"

Siku zile swali kama hilo lilikuwa na wengi nyuma yake.

"Kiwele kilijaa, mama," nikamjibu. "Na huyu hakupiga kura."

Akaenda zake. Nililala vibaya. Kulipokucha nikakuta mzigo wa majani ya nepia umewekwa langoni kwa jirani, umefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Mpaka leo hakuna aliyesema ni wake, nami sikuuliza. Ng'ombe pia hakuuliza.

Vizuizi vilipoondolewa barabarani nikafanya jambo ambalo bado linasimuliwa kwetu: nilitoka nyumbani. Nilipanda bodaboda, kibuyu cha maziwa kifuani, macho nimefumba, nikiomba sala fupi fupi kwenye kila shimo. Nilimkuta jirani nyuma ya kanisa akifua nguo. Alimimina maziwa kikombeni, akampa mtoto, kisha akaniuliza habari za ng'ombe kama anayeulizia mgonjwa.

"Anatoa?"

"Nikiimba."

Aliacha kufua. "Wewe? Unaimba?"

"Ubeti wa kwanza. Mwingine siujui."

"Ndiyo maana anakupa kidogo," akasema. "Wa pili ndio wa maziwa."

Akanifundisha pale pale juu ya karai, mabega yakimtikisika kwa kicheko, mpaka wanawake wengine wakaja kuona ni nini. Nilipoumaliza aliyafuta machozi, na baadaye kidogo akasema kwamba lori la kuwapeleka kwao lingeondoka Ijumaa. Ndugu zake walikuwa wakimwita.

Nilikifunga kibuyu changu.

"Na ubeti wa tatu?" nikauliza.

Alisuuza nguo yake, akaikamua, akaitundika. "Huo mgumu. Huo ng'ombe anataka aimbiwe na mwenyewe."

Ijumaa ilipita. Niliimba beti mbili, ndoo ikajaa, na nisingeweza kukwambia kama nilikuwa nimefaulu au nimeachiwa urithi. Jumamosi nikaimba tena. Mvua za kupanda zilipoanza nilikuwa bado naimba, na mume wangu alikuwa amehamia kunyoa nyuma ya nyumba.

Kisha asubuhi moja nilichelewa. Nilikuwa nikitafuta gambuti zangu za mpira nilipousikia wimbo ukitoka bandani kwa jirani: wa kwanza, wa pili, halafu maneno nisiyoyajua.

Niliiacha ndoo mlangoni, nikarudi jikoni kuweka chai ya watu wengi.