Mrushaji Asiyetikisa Kichwa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu, na kwa maneno ambayo sikuyaandika sawasawa. Shule yangu iliishia darasa la sita, Bukavu, na siku hizi naandika kwa mkono wa kushoto. Ukurasa mmoja unanichukua jioni mbili.

Mkono wa kulia ndio uliokuwa unarusha. Kwa misimu mitatu nimekuwa mrushaji katika timu ya besiboli ya daraja la chini hapa Johannesburg. Watu wetu wengi hawaujui mchezo huu, kwa hiyo nieleze kidogo. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mdakaji wake. Mbele ya mdakaji anasimama mpinzani mwenye gongo, anayetaka kuupiga mpira huo kabla haujafika.

Niliingia bila kutafuta. Baba mdogo ni fundi cherehani hapa mtaa wa Bellevue, na ndiye aliyekuwa akishona namba kwenye jezi zao. Siku nilipozipeleka uwanjani mpira ulibingirika hadi miguuni kwangu, nikaurudisha. Kocha akaniomba niurushe tena. Utotoni nilikuwa nafukuza ndege kwenye mtama kwa mawe, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote.

Nilichokipenda ni ukimya. Kiingereza changu ni kidogo, Kizulu kidogo zaidi, na hata Kiswahili nakisema kwa aibu. Lakini mrushaji na mdakaji hawasemezani. Mdakaji anachuchumaa, anaonyesha vidole: kimoja, rusha mpira ulionyooka, viwili, rusha unaopinda. Ukikubali unaitikia kwa kichwa. Usipotaka unatikisa kichwa, naye anachagua mwingine. Kocha alinifundisha hivyo siku ya kwanza.

Sikutikisa kichwa hata mara moja. Mdakaji wetu ananizidi miaka kumi, ana mke na watoto. Kwetu mkubwa akikuagiza kitu humtikisii kichwa usoni. Yeye alifurahi sana. Huniita bafo, yaani ndugu, na alizoea kunitania mbele ya wote: "Bafo, mke wangu hajawahi kunikubalia mara mbili mfululizo. Ningekuoa wewe."

Mpira unaopinda unasokota kiwiko. Msimu wa tatu karibu kila mara alionyesha viwili, kwa sababu wapigaji walikuwa wanaukosa. Kiwiko kikaanza kulia, tik, kila nilipokinyoosha. Kisha kidole kidogo kikawa baridi hata juani, kama kidole cha mtu mwingine nilichoazimwa. Dukani, ninakomsaidia baba mdogo kukata vitambaa, mkasi ukaniponyoka. Baba mdogo akauliza mkono una nini, nikasema niliulalia vibaya.

"Wiki nzima unaulalia?" akasema, na hakucheka.

Kuna mzee mmoja anayeandika matokeo yetu, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na uzio. Zamani alikuwa mrushaji. Mkono wake wa kulia umekunjika na haunyooki. Kikombe cha chai anakishika kwa kushoto. Hajawahi kunisalimu zaidi ya kuinua kidevu. Wiki moja kabla ya mechi ya mwisho nilipita mbele yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kuinua macho daftarini:

"Kidole kidogo kimeshaanza?"

Nikasema hapana. Akaendelea kuandika.

Kwenye mechi hiyo walikuja watu wawili wa timu ya daraja la juu, wakitafuta mrushaji. Joto lilikuwa kali na mawingu meusi yalikuwa yamejaa upande wa kusini. Tulipofika kwa mpigaji wa mwisho nilikuwa sihisi tena nusu ya kiganja. Mdakaji akaonyesha viwili. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko siku zote. Shingo yangu ilitaka kugeuka. Nikaitikia.

Ndani ya kiwiko nilisikia sauti ninayoijua kutoka dukani, ya kitambaa kinachochanwa. Mpigaji aliukosa mpira. Wenzangu wakanikimbilia, wakanipigapiga bega la mkono ule ule, na mimi nikatabasamu, kwa sababu tulikuwa tumeshinda.

Siku tatu baadaye mdakaji alikuja dukani na habari kwamba wale wawili wananitaka. Akanikuta nakata kitambaa kwa kushoto, mkono wa kulia umefungwa kwa khanga ya mama mdogo. Akauliza tangu lini. Nikamwambia.

"Kwa nini hukutikisa kichwa?"

"Wewe ni mkubwa wangu."

Alianza kucheka, kisha akaacha. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Eish, bafo," akasema. "Mimi nilikuwa nasubiri ukatae. Hukukataa, nikajua unaupenda huo unaopinda."

Daktari wa kliniki amesema nikirusha mpira tena, kidole kidogo na jirani yake huenda visirudi. Mazoezi ya timu kubwa yanaanza mwezi ujao. Kocha mpya, mzee mwenye mvi, amenipigia simu mara mbili kuuliza kama niko tayari. Mara zote mbili nimejibu ndiyo, baba. Mdakaji amejitolea kunisemea, lakini kocha anataka kusikia kwangu.

Kama kuna msomaji aliyewahi kumkatalia mkubwa wake bila kumvunjia heshima, naomba aniandikie alisema nini, neno kwa neno. Nasoma polepole, kwa hiyo andikeni mapema.