Kitindamimba wa Mwika Anayecheza Uarabuni

Kwa Wachaga wa Mwika, mtoto wa mwisho wa kiume haendi popote. Wakubwa wake watafute maisha Moshi, Dar, hata Nairobi. Yeye hubaki kihambani, kwenye migomba na kahawa ya baba, awatunze wazee mpaka awazike, na kihamba kinakuwa chake. Remigius alizaliwa wa mwisho, ila Mungu akampa mguu wa kushoto ambao haukutaka kabisa kukaa nyumbani.

Mwaka 1994 alivuka mpaka wa Holili kwenda kuchezea timu moja ya Mombasa. Vijana wa kwao walimcheka: beki mfupi vile, Wakenya watamtafuna. Hawakumtafuna. Baada ya misimu miwili timu ya Muscat ikamchukua. Huko alitukanwa na kocha kwa lugha asiyoijua, akavunjwa pua, na bado alipangwa kila mechi.

Kasoro yake ilikuwa moja tu: Desemba. Mchaga asiyepanda mlimani Krismasi huhesabiwa amepotea, na Desemba ndiyo ligi ya Muscat inapochacha. Krismasi ya kwanza hakupanda, kwao wakamsamehe. Ya pili walinuna. Ya tatu ilipokaribia, mama yake Yuditha aliteremka Himo kumpigia simu: kaka yako Hosea amegawa kihamba na kujikatia kipande, na baba yako amenyamaza.

Remigius aliomba ruhusa klabuni, akanyimwa. Akaondoka hivyo hivyo, huku akijua nafasi yake itachukuliwa na mwingine.

Alifika Krismasi imeshapita, ukoo mzima bado uko uani ukinywa mbege. Aliwaamkia wote, akapita moja kwa moja hadi kwenye migomba, na hapo akauona mstari wa masale machanga kutoka mferejini hadi njiani. Sale ni mmea wa mpaka, na jani lake ni la kuombea msamaha. Likishapandwa, hata adui halichezei. Remigius aliinama, akang'oa la kwanza. Akang'oa la pili. Kina mama wakashika vichwa.

"Umelogwa?" Hosea alimjia mbio. "Wewe hutaki kukaa, na mimi nisichukue?"

"Sitaki kukaa, na huchukui. Nitacheza mpaka mguu ukatae. Ukikataa, narudi hapa. Nani aliniuliza kabla ya kunizaa wa mwisho?"

Baba yao, mzee Basili, alikuja polepole na fimbo yake.

"Okota moja," alimwambia Remigius. "Mpe kaka yako, umwombe radhi."

"Hapana, baba. Sikukosea mimi."

Remigius hakuwahi kumkatalia baba yake mbele ya watu, na alijua mzee akitamka laana, hana kwao tena. Lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

Mzee Basili aliyatazama mashimo. Kisha akainama mwenyewe, kwa shida, akaokota sale, akalipangusa udongo kwa kiganja na kumnyooshea mwanawe.

"Hosea aliniuliza kwanza," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia apande."

Sale halikataliwi. Remigius alilipokea kwa mikono miwili, akilia bila kujificha.

"Kesho naondoka, baba."

"Ondoka," mzee alisema. "Mimi sijafa bado."