Saa ya Kopo la Dawa ya Viatu

Leo nimepiga dawa viatu vyeusi, vile ninavyovivaa mara moja kwa mwaka tunapokwenda kusafisha kaburi. Harufu ile imenirudisha kwetu Wazo, jirani na kiwanda cha saruji, kwenye mabati meupe kwa vumbi lake.

Mie nilikuwa bingwa wa uongo Dar nzima. Siku moja nilitengeneza saa: kopo tupu la dawa ya viatu, njiti ya kiberiti ndiyo mshale, na badala ya namba nikachora sura zetu wanne, baba, mama, mie na mdogo wangu wa kike.

"Aliibuni fundi kipofu," nilimwambia mdogo wangu. "Haisemi saa. Mshale ukimwelekea mtu, huyo anaondoka, harudi tena."

"Mwongo wewe, kaka!"

"Haya, bisha."

Nikauzungusha. Ukasimama kwa mama. Na mama, tumbo kubwa kama tangi la maji, alikuwa ameshashika ukuta kwa uchungu. Baba akaita bajaji. Mdogo wangu aling'ang'ania kanga ya mama mpaka jirani akambandua. Nilitaka kusema nimetunga tu, lakini na mie nilikuwa nimeshaanza kuuamini uongo wangu.

Kesho yake mama akarudi na mtoto. Nikacheka mpaka nikagaragara. "Umeona? Saa feki!"

"Siyo feki," alisema mdogo wangu. "Mshale nimeugeuzia kwangu."

Njiti ilikuwa imemwelekea yeye, ameigundisha kwa ugali, nao umekauka kama saruji. Nikaibandua kwa kucha. Ikakatika, kichwa cha njiti kikabaki palepale, kwenye sura yake niliyoichora. Kaburi tunalolisafisha kila mwaka ni lake.